Baba Mkwe Darasani

Mkuu wa shule alipotaja jina la mzee aliyemwalika, Atupele aliinama ghafla kama mtu aliyeangusha kalamu. Hakuwa ameangusha kitu. Jina lile hakupaswa kulitamka maisha yake yote, na hata kulisikia tu kulimfanya ajione amekutwa mahali asipotakiwa. Kwa kuwa hakuweza kuziba masikio mbele ya mkubwa wake wa kazi, alitazama viatu vyake mpaka jina likapita.

"Mzee Zabron," Mwalimu Habibu akarudia, akidhani hakusikika vizuri. "Wanasema Kindali chake ni kile cha zamani, hakijachanganyika na kitu. Nimemfuata mwenyewe, tumekunywa chai pamoja. Alhamisi atakuja. Wewe utafundisha, yeye atakaa mbele pale, karibu nawe, awe anaongezea. Wageni wa wilayani wakiona mwalimu na mzee wa kijiji wanafundisha pamoja, nani atakuwa na uso wa kulifunga darasa?"

"Mkuu," Atupele alisema, "huyo mzee..."

"Unamfahamu?"

Alifungua mdomo. Angeweza kusema, huyo ni baba wa Jairo, mume wangu. Lakini Mkuu angeuliza, "Kwa hiyo?" na hapo ingebidi aeleze habari ya mashine ya kusaga, na mimba ya kwanza, na hii ya pili iliyokuwa chini ya sweta lake wakati ule ule, ambayo pale shuleni hakuna aliyeambiwa.

"Huwa namsikia tu," alisema. Na hilo lilikuwa kweli. Alimfahamu mzee yule kwa kikohozi, na kwa mlio wa fimbo yake juu ya mawe.

"Basi Alhamisi utamwona," akasema Mwalimu Habibu, akacheka kwa furaha ya mtu aliyefanya jambo jema.

Na kweli alidhani amefanya jema. Mwalimu Habibu alikuwa mtu wa Ujiji, ndugu zake ni wasafirishaji pale Tunduma, na Kindali chake kilikuwa salamu tu, nayo akiitamka watoto wanaziba midomo. Lakini Atupele alipomwendea mara ya kwanza kuomba chumba na chaki, hakuuliza maswali mengi. Darasa lenyewe lilizaliwa msibani. Mwanafunzi mmoja alifiwa na babu yake, wenzake na walimu wakaenda kuhani, na bibi wa pale hakujua Kiswahili. Watoto walisimama mbele yake wamenyamaza, Wandali watupu, wengine wamezaliwa kilima cha pili tu kutoka pale, hakuna aliyejua kumwambia pole kwa lugha yake. Yule bibi akawa ndiye anayewahurumia, akawapangusa matope miguuni kwa kanga yake. Tangu siku hiyo, kila Alhamisi baada ya vipindi, Atupele, ambaye kazi yake ilikuwa Jiografia, alifundisha Kindali katika chumba cha kidato cha pili. Anayetaka anakuja, asiyetaka anakwenda zake. Walikuja wengi, hata Fauzia, binti wa mfanyabiashara wa Tunduma, ambaye hakuwa Mndali wa damu wala wa jirani.

Wapo wazazi waliokasirika. Tumewaleta wajue Kiingereza, walisema, Kindali si wanacho nyumbani? Malalamiko yalifika wilayani. Ndiyo maana wageni walikuwa wanakuja kuona, na baada ya kuona waseme.

*

Siku hizi wako wakwe wanaokula meza moja na baba wa waume zao, wanapokezana rimoti ya televisheni. Ukoo wa Jairo haukuwa hivyo. Kwao mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani, basi. Hawakai chumba kimoja, hawapiti njia moja kwa wakati mmoja, hawatajani majina. Atupele alipoolewa, mama mkwe alimkalisha jikoni akamweleza taratibu, akimshika goti, kama anayemfundisha mtoto asiguse moto. "Si kwamba anakuchukia, mwanangu. Ni kwamba wewe ni wa heshima kwake, na yeye kwako. Utazoea."

Alizoea kweli. Ilikuwa hata raha kidogo, kwa maana mzee alijitahidi kuliko yeye. Akipita karibu na nyumba za walimu anagonga fimbo mbali sana huko, anaanza kukohoa kabla hajafika kwenye kona. Kuni zilikuwa zinakutwa zimepangwa nyuma ya jiko la Atupele, zimekatwa fupi fupi za kuingia mekoni. Hakuna aliyemwona anayezileta.

Halafu ikaja siku ya mashine. Mvua ilikuwa inamwagika, Atupele amepeleka mahindi, mzee ameingia kwa mlango mwingine kujikinga. Kelele za mashine zilimeza kikohozi na fimbo vyote viwili. Atupele aligeuka na debe kichwani, uso umejaa unga, akamtazama machoni. Macho kwa macho, karibu hivi. Mzee alijitupa ukutani akafunika uso kwa mikono, na Atupele akakimbia mvuani, unga ukawa uji mabegani mwake.

Wiki haikuisha, damu ikaja. Mimba ya kwanza ikaenda.

Nesi wa zahanati alimwambia kwamba hutokea, wala si kosa la mtu. Atupele alimwamini. Alikuwa na digrii, alijua milima inavyozaliwa na mvua inavyotoka baharini. Lakini kwenye maziko ya jirani alisikia kina mama wakinong'ona nyuma yake, neno "mashine" likapita kati yao, na tangu hapo kulikuwa na Atupele wawili. Mmoja aliamini nesi. Mwingine aliishi tumboni, chini ya mbavu, na huyo hakuwa amesoma mahali popote.

*

Jioni ile ya Jumanne alimpigia mume wake. Jairo alikuwa Tunduma, kwenye foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia, na nyuma yake zilisikika honi na mtu anayeuza mayai.

"Mwambie tu Mkuu," Jairo alisema.

"Nimwambie nini? Kwamba naogopa kumwona baba yako nisije nikapoteza mtoto? Mwalimu wa Jiografia?"

"Atu, si wewe uliyesema huamini?"

"Nilisema."

"Sasa?"

"Sasa naogopa."

Honi zikalia. "Nitampigia mama amwambie mzee asije," alisema, kwa sauti nyingine sasa, ya chini. "Kaa chini, usibebe maji. Umesikia? Ndoo aichote mtoto wa jirani."

Lakini simu ya mama mkwe ilikuwa imekwisha chaji, na Jumatano Jairo mwenyewe hakupatikana tena. Mwalimu Habibu naye alikuwa ameshuka Itumba kuandaa mapokezi ya wageni, na ujumbe ambao Atupele alimwandikia haukuonyesha kusomwa. Baada ya vipindi Atupele alijifunga kitenge, akateremka mwenyewe kwenda nyumbani kwa wakwe. Alitaka amkute mama mkwe jikoni, amnong'oneze, arudi.

Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye migomba. Alisimama nyuma ya migomba hiyo akasikiliza. Jikoni hapakuwa na moshi. Uani mtu alikuwa anachonga mpini, kwa utaratibu, tak, tak, halafu kikohozi.

Atupele akachuchumaa pale pale kwenye matope. Mkono mmoja ulikwenda tumboni wenyewe. Akilini alihesabu migomba iliyokuwa kati yake na ua, akaona ni michache mno.

Mlio wa kuchonga ukakoma. "Nani huyo?" mzee akauliza.

Hakujibu. Mtu mwingine yeyote angejibu, na mzee aliuelewa ukimya ule. Kisha akaanza kuzungumza na mbwa wake.

"Wewe mbwa," alisema kwa Kindali, polepole, kama anayesoma barua kwa asiyejua kusoma, "mama wa nyumba hii hayupo. Amekwenda msibani Nanyala kwa dada yake, kule barabara kuu. Atalala huko. Kama kuna mtu ana shida naye, avumilie. Na njia ya chini ina utelezi leo, mtu akirudi apite ya juu. Mimi sitoki hapa. Nachonga tu, nimegeukia ukuta."

Ule ndio ulikuwa wakati wa kusema. Angeweza na yeye kumwambia mgomba, au kuku, au ukungu: wewe kuku, mwambie mtu asiende shuleni kesho. Neno lilikuja mpaka kooni. Lakini alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mzee kwa muda mrefu hivyo, na ukaribu wake ulimtia hofu kama mkono uliomgusa shingoni gizani. Aliondoka akiinama, akapita njia ya juu, na alipofika barabarani ndipo alipojilaumu hata machozi yakamtoka.

*

Alhamisi aliamka akiwa amekata shauri kumngoja Mkuu getini, amweleze yote kabla ya jambo lolote. Kukaa nyumbani na kusingizia homa hakuweza. Hapakuwa na mwalimu mwingine wa kushika kipindi kile, na chumba kitupu ndicho walichokitaka wale wazazi.

Mkuu hakuja asubuhi, na baada ya vipindi akasimama tena getini mpaka miguu ikawasha kwa baridi. Anyitike, binti wa kidato cha pili mwenye sauti kubwa kuliko mwili, alikuja mbio.

"Madam, meza ya wageni tuiweke wapi? Na Fauzia anasema mabenchi hayatoshi."

"Nakuja."

"Madam unaumwa? Midomo yako imekuwa myeupe."

"Baridi tu, Anyitike. Nenda, nakuja."

Akaenda kupanga mabenchi na watoto, mara moja tu, arudi getini. Somo la siku ile lilikuwa la majina ya ukoo: unamwitaje kaka wa mama, unamwitaje dada wa baba, mtoto wa binti yako ni nani kwako. Alichukua chaki aanze kuandika kichwa cha somo, mikono ipate la kufanya. Kumbe gari la Mkuu lilipanda kwa njia ya nyuma, kwa sababu lori la mbao lilikuwa limekwama kwenye kona ya mbele. Na ndani ya gari hilo walikuwemo wageni wawili na mzee, wote pamoja.

Aliisikia fimbo kwenye varanda. Saruji inatoa mlio tofauti na mawe, lakini aliijua. Kikafuata kikohozi.

Atupele alikuwa ameupa mlango mgongo. Chaki ilisimama kwenye nusu ya herufi. Alijiambia geuka, na shingo ikakataa. Chini ya mbavu yule Atupele mwingine alikuwa anasema neno moja tu: si tena, si tena, si tena.

Mabenchi yalikwaruza, watoto wakasimama. "Shikamooni," wakaimba wote.

"Marahaba. Kaeni, kaeni," sauti ya mwanamke ikasema.

"Karibuni ndani," Mwalimu Habibu alisema, na furaha yake ilijaa chumba kizima. "Mzee, pita huku mbele, kiti chako kile pale karibu na ubao. Madam Atupele, geuka basi tusalimiane."

Fimbo ikasimama.

Mzee hakuwa ameambiwa jina la mwalimu. Alijua mke wa mwanawe anafundisha mambo ya nchi na mito, na alipoalikwa kusikiliza Kindali alidhani mwalimu wake ni mwanamume. Sasa jina lilikuwa limetajwa, na mbele yake, hatua chache tu, ulikuwa mgongo wenye sweta la bluu.

Atupele hakuona kilichotokea. Alisikia tu nguo ikikokotwa kwa haraka, na fimbo ikianguka sakafuni, na watoto wawili watatu wakicheka na kukata kicheko katikati.

"Mzee, vipi?" Mwalimu Habibu aliuliza. "Unasikia baridi?"

Mzee alijibu kwa Kindali, na sauti yake ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia. "Nionyesheni mlango. Humu ndani kuna mtu wangu. Nionyesheni mlango, watoto, mimi sioni."

Alikuwa amevua koti lake, koti la kanisani lenye vifungo vinavyong'aa, akalivuta juu ya kichwa mpaka kidevuni. Mzee mwenye mvi, aliyealikwa kwa heshima, amesimama mbele ya wageni wa wilayani kama mtoto anayecheza kujificha. Kwa desturi, ni mwanamke anayejifunika na kukimbia. Yeye ndiye aliyejifunika.

Mgeni mwanamume, Bwana Samwel, aliguna. "Sasa haya ndiyo mnayofundisha?"

"Ngoja kwanza, Samwel," alisema yule mwanamke, ambaye ndiye aliyekuwa mkubwa wa msafara. Jina lake Bi Mwanakombo. "Kuna nini hapa? Nani ataniambia?"

Kisha Atupele akasikia sauti ile kubwa kuliko mwili.

"Ni mkwe wake," Anyitike akasema. "Madam ameolewa kwao. Hawatakiwi kuonana. Sasa babu anamficha Madam, kwa sababu Madam hana pa kukimbilia, mlango ni mmoja."

"Wewe umeyajuaje?" Bi Mwanakombo akamuuliza.

"Amesema mwenyewe. Amesema humu kuna mtu wangu. Zamani nisingeelewa alichosema, lakini sasa naelewa."

Hakuna aliyecheka tena. Atupele alisikia viatu vya Mwalimu Habibu vikivuka chumba, na sauti yake imepoteza furaha yote. "Nisamehe, mzee wangu. Nisamehe sana. Shika mkono wangu. Kizingiti hapo, inua mguu. Hivyo hivyo."

Akamwongoza mwenyewe mpaka nje, akamwekea kiti chini ya dirisha, uso umeelekea mlimani. Aliporudi alipita karibu na ubao, akanong'ona, "Ungeniambia, mwalimu." Halafu akatikisa kichwa. "Hapana. Ningepaswa kuuliza."

*

Alifundisha. Aligeuka taratibu, akiegemea meza, akaanza na kaka wa mama. Sauti ilikuwa inatetemeka mpaka Fauzia alimsogezea chupa yake ya maji bila kusema neno. Akanywa, akaendelea. Watoto walijibu kwa pamoja, na pale walipokwama, sauti ya nje iliwasaidia, ikisema na watoto tu, haimwambii mwalimu kitu. Bwana Samwel aliuliza mtoto wa binti anaitwaje, akaambiwa, akauliza tena ili aandike vizuri.

Kisha mzee akawatania. Aliwaambia wavulana waliokaa karibu na dirisha kwamba kwa Kindali chao hicho hakuna baba atakayewapa binti, labda wakaoe ng'ambo ya mto kule Malawi ambako hawawajui. Darasa likaangua kicheko, na Atupele naye akacheka.

Ndipo alipoyasikia maumivu. Yalikuja chini ya kitovu, kama ngumi inayofumbwa polepole. Yakalegea. Yakarudi.

Alishika ukingo wa meza. Aliendelea kumtazama Fauzia ili asilazimike kutazama mahali pengine, mpaka Bi Mwanakombo alipoinuka kwenye kiti chake bila kuulizwa, akamfuata, akamshika kiwiko.

"Miezi mingapi?" alimnong'oneza.

"Mitano."

"Habibu," Bi Mwanakombo akaita, "washa gari."

Ndani ya gari alimvua Atupele viatu, akampandisha miguu kwenye mapaja yake, akamfunika kwa mtandio wake mwenyewe. Barabara ilikuwa na mashimo na Mwalimu Habibu aliyapita kama anayebeba mayai, anaomba radhi kila tairi linapoingia shimoni.

"Kwetu pwani mkwe tunataniana naye," Bi Mwanakombo alisema, apate kumsahaulisha. "Baba wa mume wangu alikuwa akija ananidai kahawa kama ana duka kwangu. Nyinyi mnakimbiana." Kisha akaona uso wake, akaacha utani. "Unaogopa nini hasa, mwanangu? Niambie."

Atupele akamwambia yote, habari ya mashine, unga na damu. Maneno yalitoka yamechanganyika, na hakuna aliyemcheka.

"Na leo ulimwona?"

"Sikumwona."

"Yeye alikuona?"

Hilo ndilo lilikuwa linamtafuna tangu ubaoni. "Aliuona mgongo wangu," alisema. "Sijui mgongo unahesabiwa."

Bi Mwanakombo akamfunika vizuri zaidi.

*

Zahanati ilikuwa na kitanda kimoja cha wajawazito na dirisha la wavu lililotazama ukuta wa mawe. Nesi aliitwa Nesta, ndiye yule yule wa mara ya kwanza. Hakuuliza mengi. Alipasha mikono yake kwa kuisugua, kisha akachukua kile kifaa cha mbao cha kusikilizia tumboni, akakiweka, akainamisha sikio.

Akasikiliza. Akakihamisha. Akasikiliza tena, macho ameyafumba.

Atupele alimtazama usoni kama anayesoma matokeo ya mtihani yaliyobandikwa mbali. Uso haukusema kitu. Kifaa kikahama tena, upande wa kushoto, chini zaidi. Maumivu yalikuwa yamepungua, na hilo likamtisha kuliko maumivu yenyewe, kwa maana mara ile nyingine pia kulikuwa na wakati wa utulivu.

Nje, fimbo iligonga jiwe. Kikohozi kikafuata, kile cha mtu aliyetembea haraka kupita umri wake.

Atupele alijiinua kwa kiwiko. "Nesi," alisema, "huyo mzee asije mlangoni. Tafadhali."

Nesta aliweka kifaa chini akatoka. Alikawia. Aliporudi alikuwa na sura ya mtu asiyejua acheke au alie.

"Haji mlangoni," alisema. "Amekaa nyuma huko, kwenye majani, uso ameelekeza kwenye mawe. Nimemwambia kuna benchi, hataki. Viatu vimejaa matope mpaka ndani. Anasema nikuambie hivi: yeye hakuona kitu. Aliona ubao tu. Anasema macho yake siku hizi hayaoni mbali."

Atupele alilala akitazama dari. Mzee yule alikuwa na macho ya kumtambua kipanga kilimani kabla kuku hawajamwona. Kijiji kizima kilijua, Jairo alikuwa akijivunia. Kwa hiyo alikuwa ameuona mgongo, na sweta, na huenda hata mkono ulioshika chaki. Na mtu huyo, aliyekuwa shemasi kanisani kwao na hakuwahi kusikika akisema uongo hata wa bei ya ng'ombe sokoni, alikuwa ameshuka kilima chote kile kwa miguu ili amletee uongo huu.

Mzee alikuwa anaogopa. Ndivyo alivyoelewa akiwa pale kitandani. Tangu siku ya mashine, mzee naye alikuwa anaogopa, mwaka mzima, peke yake, wala hakuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa mbwa.

"Nesi," alisema, "sikiliza tena."

Nesta akainama. Chumba kikanyamaza, hata Bi Mwanakombo kwenye kiti chake aliacha kuvuta tasbihi. Kifaa kilikaa mahali pamoja muda mrefu. Kisha nesi akainua kidole kimoja, akaanza kukipigapiga hewani, upesi upesi, kama anayefuata ngoma wasiyoisikia wengine.

"Yupo," alisema. "Alikuwa amejibanza nyuma huku. Anapiga mbio kama amechelewa shule."

Atupele aliuma mtandio wa watu ili asilie kwa sauti.

"Utalala hapa, nikuangalie mpaka kesho," Nesta alisema. "Sikuahidi kitu, umenisikia? Ila sasa hivi yupo na damu hakuna. Na huyo mzee wako, nimwambie nini?"

Atupele alifikiri. Katika miaka yote ya ndoa hakuwahi kumpelekea ujumbe, wala kumjibu.

"Mwambie mtoto yupo," alisema. "Mwambie na mimi nimesikia alichosema kuhusu ubao, na nashukuru. Mwalimu Habibu ampeleke nyumbani kwa gari, asipande kilima kwa miguu. Na mwambie asiwe na wasiwasi wa kupita hapo mbele. Sisi tutafunga mlango, tutakaa ndani mpaka atakapokuwa amepita."

Bi Mwanakombo aliinuka akafunga mlango mwenyewe, akasimama ameuegemea. Walimsikia Nesta akizunguka nyumba, na sauti yake ikisema. Halafu mtu akapenga kamasi. Fimbo ikaanza kugonga, ikapita chini ya dirisha, ikapita mbele ya mlango, wala haikuharakisha, na Atupele akageukia ukutani, kwa heshima, akangoja mpaka mlango wa gari ulipofungwa.